KU- YA KISWAHILI NA NJIA MBILI ZA KIINGEREZA

Mswahili asemapo "kusoma" hutamka neno moja tu, na neno hilo humtosha kwa kazi nyingi. Husema, "Nataka kusoma"; husema, "Kusoma kwafaa"; husema tena, "Amechoka kwa kusoma," na "Aliondoka bila kusoma." Kila mara ni "kusoma" lile lile, halibadiliki. Mwingereza hana neno moja la namna hiyo. Yeye anayo mawili, "to read" na "reading", na kila afikapo mahali ambapo Mswahili angesema "kusoma", hana budi kuchagua. Pengine huyaacha yote mawili akatumia la tatu, yaani "read" peke yake, lisilo na nyongeza mbele wala nyuma. Wenye elimu ya lugha huliita umbo la "to read" infinitivi. Umbo la "reading", likifanya kazi ya jina, huitwa jerandi. Si lazima mwanafunzi ayashike sana majina hayo. Kujua mahali pa kila umbo ndiko kwenye faida.

Mtu aweza kudhani kuwa jambo hili ni dogo, na ya kwamba mwenye kukosea hapa atafahamika tu, kwa kuwa Waingereza ni watu wa kuvumilia Kiingereza cha wageni. Mara nyingi ni kweli. Lakini fikirini habari hii. Tuseme mtumishi wa zahanati ya kijijini amwandikia daktari wa hospitali kubwa habari za mgonjwa wa kifua kikuu. Ataka kumwarifu ya kuwa mgonjwa ameacha kunywa dawa tangu juma lililopita. Aandika hivi: "The patient stopped to take the medicine." Daktari asomapo maneno hayo atafahamu ya kuwa mgonjwa alisimama, au aliacha kazi aliyokuwa akiifanya, ili apate kunywa dawa yake. Atasema moyoni, "Mgonjwa huyu ni mtu wa bidii," kisha ataikunja barua na kuiweka. Kumbe ilimpasa mtumishi yule kuandika, "The patient stopped taking the medicine." Na mgonjwa wa kifua kikuu akiacha dawa kabla ya muda wake kutimia, ugonjwa waweza kumrudia, na mara nyingine hurudi ukiwa hausikii tena dawa zile za kwanza. Barua nzima haikuwa na kosa jingine lolote.

Je, tofauti hii ilitoka wapi? Ilitoka mbali. Yapata mwaka 1000 Waingereza walisema "singan" kwa maana ya kuimba. Walipotaka kusema ya kuwa mtu amekuja kwa ajili ya kuimba, walitia "to" mbele na kubadili mwisho wa neno, wakasema "to singenne". Na hiyo "to" ndiyo ile ile ya "I am going to the market": maana yake ni kuelekea. Kando ya maneno hayo walikuwa na majina yaliyoundwa kwa kutia "-ung" au "-ing" mwishoni, kama vile "leornung", yaani kujifunza. Hilo lilikuwa jina kamili, kama nyumba au mti ulivyo jina. Katika karne zilizofuata, na hasa baada ya Wanormani kuishika nchi ya Uingereza mwaka 1066, miisho mingi ya maneno ya Kiingereza ilidhoofika, na mingine ikaanguka kabisa kama majani makavu. "Singan" ikawa "sing" tu. "To" ikabaki mbele, imeshika kazi ya ule mwisho uliopotea. Na "-ung" ikamezwa na "-ing".

Basi hata leo asili hiyo yaonekana. "To" bado yaelekeza mbele, kwa jambo ambalo mtu hajalifikia. "-ing" bado yalitaja tendo kama kitu kilichopo, kitu ambacho mtu aweza kukipenda, kukimaliza, kukiacha au kukikana. Kwa hiyo Mwingereza husema "I want to go", "I hope to go", "I promised to go", "I decided to go", kwa sababu mwenye kutaka, kutumaini, kuahidi au kukata shauri bado hajakwenda. Safari iko mbele yake. Hata mwenye kukataa husema "I refused to go", maana alilolikataa lilikuwa mbele yake vile vile. Lakini mwanamke aliyemaliza kuosha vyungu husema "I have finished washing the pots", maana kuosha kulikwisha kuwapo, naye amekufikisha mwisho. Mwizi mbele ya hakimu husema "I deny stealing the goat". Mtoto aufurahiaye mchezo wa mpira husema "I enjoy playing football". Katika mifano hiyo yote tendo si la kuelekewa; limekwisha tajwa kana kwamba limesimama pale.

Haifai, hata hivyo, kuifanya habari hii ya asili kuwa sheria isiyovunjika, kwani lugha si hesabu. Neno "suggest", yaani kutoa shauri, latazama mbele kama "hope" litazamavyo, na hata hivyo lafuatwa na "-ing": "The teacher suggested planting beans." Neno "avoid", yaani kuepuka, nalo ni vivyo hivyo: "He avoided meeting the tax collector", ingawa hakukutana naye kamwe. Maneno ya namna hii hushikwa kwa moyo. Mgeni ajifunzaye Kiswahili naye haambiwi sababu ya mto kuwa mito na ziwa kuwa maziwa. Husikia, husema, hukosea, husahihishwa, mpaka ulimi wake unazoea. Njia iliyo bora ni kuliandika neno katika daftari pamoja na mwenzake, wala si peke yake: si "enjoy" tu, bali "enjoy playing", si "promise" tu, bali "promise to come". Daftari ya namna hiyo yafaa kuliko kanuni kumi.

Yako pia maneno yakubaliyo maumbo yote mawili bila tofauti kubwa ya maana, kama "begin", "start", "continue", "like" na "love". "It began to rain" na "It began raining" ni mvua ile ile. Hapa mwanafunzi asijisumbue, ila aangalie asiziweke "-ing" mbili zikifuatana: "It is beginning to rain" yapendeza sikioni kuliko "It is beginning raining".

Sasa ni zamu ya maneno machache yaliyo hatari, nayo ni yale yakubaliyo maumbo yote mawili kwa maana mbili mbalimbali. "Stop" limekwisha onekana. Liangalieni mara moja tena katika jambo lisilo la ugonjwa. "The men stopped to talk" maana yake watu walisimama wapate kuzungumza, kelele zikaanza. "The men stopped talking" maana yake waliacha kuzungumza, kimya kikaingia. Mswahili haoni shida hapa, kwa kuwa yeye ana maneno mawili, kusimama na kuacha. Mwingereza ana "stop" moja tu, naye huitenga maana kwa neno lifuatalo.

"Forget" na "remember" yaweza kumtia mtu hatiani au kumtoa. Tuseme ghala ya pamba imeibiwa usiku, na mlinzi anaulizwa barazani kwa Kiingereza. Akijibu "I forgot to lock the store", amekiri ya kuwa ghala haikufungwa, na kosa ni lake. Akijibu "I had forgotten locking the store", amesema jambo jingine kabisa, yaani aliifunga ghala, lakini tendo lile la kufunga lilikuwa limemtoka akilini. Vivyo hivyo "I remembered to lock it" ni kusema: sikusahau wajibu wangu, nikafunga. Na "I remember locking it" ni kusema: hata sasa nakumbuka ya kuwa nilifunga. Hapo "to" yatazama kazi iliyokuwa bado mbele, na "-ing" yatazama nyuma kwa kazi iliyokwisha tendeka. Mwenye kuishika asili iliyoelezwa juu hatapotea hapa.

"Regret" hufuata njia hiyo hiyo. Barua ya Kiingereza ikianza na "We regret to tell you", msomaji ajue ya kuwa habari mbaya i karibu kufika katika mstari uo huo. Lakini "I regret telling him" ni majuto ya mtu aliyekwisha kusema neno, na sasa atamani ulimi ungalinyamaza. "Go on" nayo ina njia mbili. Mzee alipokuwa akihutubia watu, "he went on speaking about cotton", yaani aliendelea na pamba ile ile bila kukoma, hata watu wakasinzia. Bali "he went on to speak about cotton" maana yake alimaliza habari nyingine kwanza, ndipo akaingia katika habari za pamba. Na "try" ni hivi: "Try to push the car" huambiwa mtu ambaye huenda nguvu zisimtoshe, ajikaze tu. "Try pushing the car" huambiwa mtu ambaye gari lake limekataa kuwaka, naye amekwisha jaribu mengine yote. Kusukuma ni rahisi, lisilojulikana ni kama kutafaa.

Baada ya maneno hayo magumu iko kanuni moja nyepesi, nayo yafaa kushikwa na kila mtu, kwani makosa yaliyo mengi katika madaftari ya wanafunzi ni ya hapa. Maneno madogo ya Kiingereza yatanguliayo majina, kama "by", "without", "before", "after", "of", "in", "at" na "for", yakitangulia tendo, tendo hilo huchukua "-ing". Kiswahili chasema "bila kuuliza", na mwanafunzi huandika "without to ask". Chasema "kabla ya kula", naye huandika "before to eat". Hupotezwa na ile ku-, maana amezoea kuifanya "to" kila aionapo. Ilimpasa kuandika "without asking" na "before eating". Vivyo hivyo "kwa kulima" ni "by digging", "amechoka kungoja" ni "he is tired of waiting", na "ahsante kwa kuja" ni "thank you for coming". Sababu yake ni ile ile ya zamani: maneno hayo madogo hutaka jina baada yake, na umbo la "-ing" ni jina.

Lakini mtego uko ndani ya kanuni hiyo, nao ni "to" yenyewe. Neno hili lina kazi mbili. Mara ni alama tu ya tendo, kama katika "I want to see". Mara nyingine ni lile neno dogo la kale litanguliалo jina, na hapo lafuatwa na "-ing" kama wenzake. Kwa hiyo aandikaye barua humaliza kwa "I look forward to seeing you", wala si "to see you". Namna ya kuitambua "to" hiyo ni kuweka jina la kitu mahali pa tendo. Mtu aweza kusema "I look forward to your letter", basi atasema pia "to seeing". Hawezi kusema "I hope to your letter", basi atasema "I hope to see". Kipimo hicho ni chepesi, nacho kitamwokoa mwanafunzi katika "used to". "I used to walk to school" ni habari ya zamani: nilikuwa nikienda shule kwa miguu, na sasa sivyo tena. "I am used to walking to school" ni: nimezoea kwenda kwa miguu, wala sioni taabu. Wa kwanza labda sasa ana baiskeli. Wa pili yuko njiani alfajiri hii hii.

Kiswahili humponza mwanafunzi mahali pengine pawili. Kwanza, baada ya "can", "must", "may", "shall" na "will", Kiingereza hakitii "to" wala "-ing". Mswahili asema "naweza kusoma", na ku- yake husikika wazi. Mwingereza asema "I can read", basi. Ni vivyo hivyo baada ya "let" na "make" yakifuatwa na mtu: "Let him go", "She made the child wash". Pili, Mswahili atakapo mwingine atende jambo huiacha ku- na kusema "Nataka asome", "Alimwambia aje". Hapo Mwingereza, aliyekuwa ameikataa "to" punde hivi, airudia: "I want him to read", "He told her to come". Mwenye kuandika "I want that he reads" amevaa kanzu ya Kiswahili juu ya suruali ya Kiingereza.

Mtu akieleza nia ya safari au ya kazi, atumie "to" peke yake. "Nimekuja kukuona" ni "I have come to see you", wala si "for see you" wala "for to see you". Lakini akieleza kazi ya chombo, "for" na "-ing" ndiyo mahali pake: "This knife is for cutting meat." Kiswahili nacho hutofautisha hapo kwa uzuri wake chenyewe, maana husema kisu cha kukatia nyama, wala hakisemi kisu cha kukata nyama.

Tena jerandi, kwa kuwa ni jina, huweza kuwa na mwenyewe. Kiswahili chasema "Kuja kwake kulitufurahisha", nayo "kwake" yaonyesha ya kuwa kuja ni mali yake, kama nyumba iwezavyo kuwa yake. Kiingereza chasema "His coming pleased us". Jambo hili liliwagombanisha wataalamu wawili mashuhuri. Mwingereza H. W. Fowler, katika kitabu chake cha matumizi ya Kiingereza kilichotoka mwaka 1926, aliwalaumu vikali watu wasemao "him coming" badala ya "his coming". Naye Otto Jespersen, mtaalamu wa Denmark, alimjibu akionyesha ya kuwa Waingereza wenyewe wamesema hivyo tangu zamani. Katika mazungumzo Jespersen alishinda, kwani "him coming" husikika kila siku. Katika maandiko ya heshima mwanafunzi amfuate Fowler, naye atafanya hivyo bila taabu, kwa kuwa lugha yake ya nyumbani imekwisha mfundisha.

Lugha hiyo ya nyumbani yamfaa pia katika fumbo jingine. Si kila neno lenye "-ing" ni jerandi. "A crying child" ni mtoto aliaye, na hapo "crying" yamsifu mtoto. Je, "a walking stick" ni fimbo itembeayo? La, fimbo haina miguu. Ni fimbo ya kutembelea. "Drinking water" si maji yanywayo kitu, bali ni maji ya kunywa. "A sleeping child" ni mtoto alalaye, lakini "a sleeping mat" ni mkeka wa kulalia, na mkeka wenyewe haulali. Ligeuzeni neno kwa Kiswahili: likija pamoja na ku-, ni jerandi, likija pamoja na -aye au -ayo, ni sifa ya mtendaji.

Limebaki neno moja la ajabu, nalo ni "need". Mswahili asema "Nyumba yahitaji kufagiwa", kwa kuwa nyumba haifagii, hufagiwa. Mwingereza asema "The house needs sweeping", kana kwamba nyumba ndiyo yenye ufagio mkononi, na hakuna amchekaye. Apendaye aweza kusema pia "The house needs to be swept". Yote mawili ni Kiingereza safi. Lakini asiseme "The house needs to sweep".

Haya yageuzeni kwa Kiingereza, na kila ku- mwulize ni ya njia ipi: Aliacha kuvuta tumbako mwaka jana. Dereva alisimama ili anunue ndizi. Usisahau kumpa mgonjwa dawa. Nakumbuka kwamba nilimpa dawa asubuhi. Walivuka mto bila kulowa. Mama ataka Asha apike wali. Nguo hizi zahitaji kufuliwa. Tumezoea kuamka mapema.